Somo la 7: Jicho, Sikio na Kinywa cha Mwuguzi

Ndugu msomaji, katika masomo yaliyotangulia tulijifunza habari za maji safi, habari za vidonda, na habari za mama mwenye mimba. Leo tunajifunza habari za mwuguzi mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza hivi: “Mwalimu, sisi tulikuja hapa kujifunza dawa na sindano. Kwa nini kila Ijumaa tunaketi saa nzima kuchora majani, kuimba na kusimulia hadithi? Je, hayo si mambo ya watoto?” Sikumkasirikia, maana ni swali zuri. Mimi nami niliwaza hivyo nilipokuwa kijana. Nilimjibu kwa kumwambia kosa langu, nami nakuambia wewe pia.

1. Kosa langu

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa mwuguzi kijana katika hospitali moja ya mashariki ya Kongo. Nilikuwa nimepata diploma yangu, na koti langu jeupe lilipigwa pasi vizuri. Asubuhi moja, siku ya soko, wagonjwa walijaa barazani hata mlangoni. Akaja mama mzee pamoja na mjukuu wake, mtoto mwanamume wa miaka minane. Mtoto alikuwa na homa, kichwa kilimwuma, tena alijikuna mguu wa kushoto akisema unamchoma kama siafu.

Nyanya yake akaanza kusema: “Mwanangu, neno hili lilianza siku ile tulipokwenda kuvuna mihogo...” Nikamkatiza. Nikasema, “Mama, watu ni wengi. Niambie ugonjwa tu.” Akanyamaza. Nikapima damu ya mtoto, nikaona malaria kidogo, kama inavyoonekana kwa watoto wengi wa kwetu. Nikaandika katika fishi yake neno moja tu, malaria. Nikawapa vidonge, wakaenda zao.

Siku ya tatu wakarudi, mtoto amebebwa mgongoni. Mama yake alipomletea kikombe cha maji, koo lilikaza, akatetemeka kwa hofu, na mate yakamtoka. Mganga mkuu akamtazama kwa utulivu. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na yule mzee, akamwambia: “Mama, tuanzie siku ile ya mihogo.” Hakumkatiza hata mara moja. Kabla maji ya chai hayajachemka tulikuwa tumesikia yote. Njiani kutoka shambani, mbwa asiye na mwenyewe alimwuma mtoto mguuni. Siku ile ile mbwa huyo alimwuma binti wa jirani pia. Baada ya siku chache mbwa akafa. Vidonda vya watoto vikapona, miezi miwili ikapita, na watu wakasahau.

Kilikuwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili zake, karibu hakuna mtu anayepona. Mtoto alikufa kesho yake. Nami nasema kweli: hata kama ningalisikiliza siku ya kwanza, yeye nisingaliweza kumwokoa. Lakini yule binti wa jirani alikuwa mzima bado, wala hakuna aliyejua hatari yake. Hadithi ya nyanya ndiyo iliyotupeleka mlangoni kwake. Chanjo ililetwa kutoka mjini kwa pikipiki. Binti akachomwa sindano zake zote kwa siku zilizowekwa, pamoja na mama wa marehemu, ambaye alikuwa amepangusa mate ya mtoto kwa mikono yenye mikwaruzo. Wote wawili waliishi. Binti yule sasa ana watoto wake mwenyewe. Nikimwona sokoni, nakumbuka zile siku tatu nilizozipoteza kwa kutaka kuokoa dakika mbili.

Jioni ile mganga mkuu hakunikemea. Alisema tu: “Dawa umejifunza. Kusikiliza hujajifunza bado.”

(Kumbuka: Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15. Mpeleke hospitalini siku ile ile. Hata kama siku nyingi zimepita na mtu hajaugua, mpeleke tu.)

2. Kuchora hufundisha jicho

Watu wengi hudhani ya kuwa kuona ni kufumbua macho. Sivyo. Mara nyingi tunaona yale tuliyoambiwa tutayaona.

Kwa zaidi ya miaka 1,000 waganga wa Ulaya waliamini maandiko ya Galeno, mganga wa zamani aliyepasua nyani na wanyama wengine. Aliandika ya kuwa taya la chini la mtu ni mifupa miwili, nao wakafundisha hivyo. Kisha Andreas Vesalius, mwalimu wa waganga katika mji wa Padua, Italia, aliipasua miili ya watu kwa mikono yake mwenyewe. Aliona ya kuwa taya la chini ni mfupa mmoja tu. Mwaka 1543 alitoa kitabu kikubwa chenye picha zilizochongwa katika mbao na mafundi hodari. Picha zile zilifanya kazi kuliko maneno, maana anayechora hawezi kupita upesi. Kalamu humwuliza: Mfupa huu unaishia wapi? Mshipa huu unapita juu au chini? Asiyetazama hana la kuchora.

Hata katika siku zetu jambo hili limejaribiwa. Katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, mganga wa ngozi Irwin Braverman aliona ya kuwa wanafunzi wake wanataja jina la ugonjwa kabla ya kutazama mgonjwa. Yeye na Linda Friedlaender wakawapeleka katika nyumba ya sanaa. Kila mwanafunzi alisimama mbele ya picha moja ya zamani, akaitazama kwa dakika nyingi, kisha akaeleza mambo anayoyaona tu, si mambo anayoyadhani. Habari za jaribio hilo zilichapwa mwaka 2001, nazo zilionyesha ya kuwa wanafunzi waliofundishwa hivyo walieleza dalili za wagonjwa vizuri kuliko wenzao.

Sisi hatuna nyumba ya sanaa, lakini tuna jani la mwembe. Chora jani moja kwa robo saa, nawe utaona ya kuwa hukulijua. Kisha chora vipele vya mgonjwa katika fishi yake. Jambo hili lina faida kubwa kwetu, kwa sababu vitabu vingi vya magonjwa huonyesha ngozi ya Wazungu. Vinasema surua ni wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Vipele huonekana vyeusi zaidi, au huhisiwa kwa kidole. Manjano tunayatafuta katika weupe wa jicho. Upungufu wa damu tunautafuta katika kiganja na ndani ya kope. Basi picha unayochora wewe mwenyewe kwa mgonjwa wako ni kitabu chako cha pili.

3. Ngoma hufundisha sikio

Sasa tazama habari ya Leopold Auenbrugger. Alizaliwa mwaka 1722 katika mji wa Graz, Austria. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na watu husimulia ya kuwa mtoto alijifunza pale namna ya kugonga pipa la divai ili kujua limejaa hata wapi. Alipokuwa mganga katika mji wa Vienna, alianza kugonga vifua vya wagonjwa kwa vidole. Kifua chenye hewa kililia kama ngoma, na kifua chenye maji kilitoa sauti nzito iliyokufa. Alijaribu kwa miaka saba, kisha akatoa kitabu kidogo mwaka 1761. Mtu huyu alipenda muziki sana, hata aliandika maneno ya mchezo wa kuimba ambao Antonio Salieri alitunga muziki wake mwaka 1781. Waganga wengi wa wakati wake hawakujali kugonga kifua. Jambo hilo lilienea baada ya mwaka 1808, Mfaransa Corvisart alipokitafsiri kitabu kile. Mwaka uliofuata Auenbrugger akafa.

Baada yake alikuja René Laënnec, aliyependa kupiga filimbi. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, aliletewa mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Aliona haya kuweka sikio lake juu ya kifua chake. Akavingirisha karatasi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akasikia moyo vizuri kuliko zamani zote. Kisha akachonga kipande cha mti chenye tundu katikati. Hivyo ndivyo kilivyoanza kile chombo unachovaa shingoni.

Je, watu hawa walisoma muziki ili wawe waganga? Hapana. Lakini sikio lililozoea kupambanua sauti lilikuwa tayari kazi ilipokuja.

Na sisi je? Kando ya mto Kongo, karibu na Kisangani, Walokele walituma habari mbali kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yana sauti za namna moja, ngoma haikusema neno fupi peke yake, bali ililizungusha katika maneno marefu ili msikiaji asikosee. Mmisionari John Carrington wa Yakusu alijifunza ngoma hiyo, naye alitoa kitabu juu yake mwaka 1949. Watu wenye urithi kama huo wasiogope somo la sikio.

Fanya hivi. Chukua bidoni ya mafuta, uitie maji nusu. Fumba macho. Weka kidole cha kati cha mkono wa kushoto juu ya bidoni, ukigonge kwa kidole cha kati cha mkono wa kuume, ukishuka polepole kutoka juu. Mahali sauti inapokufa ndipo maji yalipoanza. Mwenzako atie alama kwa chaki. Ukipata alama sawasawa mara tano, nenda kwa mgonjwa mwenye kikohozi cha siku nyingi, ukagonge mgongo wake, upande wa kuume na upande wa kushoto. Kama upande mmoja sauti imekufa chini, mwite mganga. Huenda ni maji, na kwetu mara nyingi kifua kikuu ndicho kinacholeta maji hayo. Hata siku mashine ya picha imekosa umeme, vidole vyako vipo.

4. Hadithi hufundisha kusikiliza

Hapa nakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani walitoa hesabu ya jambo dogo: mgonjwa husema kwa muda gani kabla mganga hajamkatiza? Walipata wastani wa sekunde 18. Utasema, “Tukiwaacha waseme, watasema hata jioni.” Basi sikia hesabu nyingine. Katika Basel, Uswisi, waganga waliambiwa wasiwakatize wagonjwa, ila wahesabu kwa siri. Habari hizo zilichapwa mwaka 2002. Wagonjwa walikuwa 335. Kwa wastani walimaliza neno lao katika sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walimaliza kabla ya dakika mbili. Dakika mbili, ndugu! Ndizo nilizomnyima yule nyanya.

Lakini kunyamaza peke yake si kusikiliza. Anayesikiliza hadithi huuliza moyoni: Ilianza wapi? Nani alikuwapo? Kwa nini msimulizi amerudia neno hili mara mbili? Ni kitu gani amekiruka? Mambo haya tulijifunza kando ya moto kwa wazee wetu, kisha shuleni tukayaacha kama mambo ya kijijini. Nyanya yule hakuwa akipoteza wakati. Alianzia mihogo kwa sababu njia ya mihogo ndiyo iliyokuwa njia ya mbwa.

Katika mji wa New York, mganga Rita Charon alisoma uganga, kisha akasoma na maandishi ya hadithi hata kupata udaktari wa masomo hayo. Mwaka 2000, katika chuo kikuu cha Columbia, alianzisha mafundisho ya uganga kwa njia ya masimulizi. Huwaambia wanafunzi waandike fishi mbili. Ya kwanza ni ya hospitali: joto, damu, dawa. Ya pili haiwekwi katika hospitali: ndani yake mwanafunzi huandika, kwa maneno ya kila siku, mambo ambayo hayana nafasi katika ile ya kwanza. Mgonjwa anaogopa nini? Mimi mwenyewe niliona nini moyoni nilipomtazama? Kisha wanasomeana. Sisi tunafanya hivyo kila Ijumaa, lakini bila kutaja jina la mgonjwa wala kijiji chake, maana siri ya mgonjwa si mali yetu.

Wewe unayesoma Biblia unajua ya kuwa Paulo anamtaja Luka kama tabibu. Katika Injili nne, habari ya Msamaria aliyemhurumia mtu aliyepigwa njiani imeandikwa na Luka peke yake. Soma tena sura yake ya 10, uone jinsi kazi ya mikono inavyosimuliwa kwa utaratibu: alikaribia, alifunga majeraha, alitia mafuta na divai, alimpandisha, alimpeleka, alilipa. Hadithi ile imefundisha watu wengi kuhudumia kuliko kitabu cha sheria.

5. Desturi za watu ni somo pia

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa ya kuwa Ebola iko Kivu ya Kaskazini. Ikafika na Ituri. Iliisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Chanjo ilikuwapo, na dawa zilijaribiwa na kufaa. Mbona basi wengi walijificha? Vita na mashaka ya miaka mingi vilikuwapo. Lakini jambo lingine ni hili: walikuja watu waliojifunika uso, wakasema kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha mbali, wakachukua mgonjwa, na jamaa zake wakaletewa habari ya kifo tu. Nani asingeogopa?

Mambo yalianza kuwa mema pale watu walipoulizwa habari za maombolezo yao. Jamaa wakaruhusiwa kusimama kwa mbali salama, kuona jeneza na kuomba. Katika Beni vikatumika vyumba vyenye kuta za plastiki ing'aayo kama kioo, hata mama akaweza kumwona mtoto wake na kusema naye. Kujua jinsi watu wanavyozika wafu wao hakukuwa pambo la uganga. Ilikuwa sehemu ya kuzuia ugonjwa.

6. Wimbo ni fishi ya asiyesoma

Mama asiyejua kusoma hubeba wimbo kichwani. Kwa hiyo wanafunzi wetu hutunga wimbo wa maji ya mtoto anayeharisha: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vidogo vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Lakini jihadhari! Wimbo mtamu wenye kosa huenda mbali kuliko karatasi yenye kosa. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kila wimbo usomwe kwanza na mwalimu, kisha mama mmoja aimbe na kupima mbele yenu.

7. Maonyo matatu

La kwanza: mambo haya hayaondoi masomo ya dawa. Mwuguzi mwenye hadithi nzuri asiyejua kipimo cha sindano ni hatari.

La pili: yasiondoe haki ya kudai dawa na glavu. Mtu asiseme, “Waimbieni,” mahali inapopasa kuleta kinini au damu.

La tatu: usijifanye kusikiliza. Mgonjwa hutambua jicho linalotazama saa.

Mwanafunzi yule aliponisikia alinyamaza, kisha akauliza tena: “Na kama watu ni wengi barazani?” Nikamjibu: watakuwa wengi siku zote. Mtu mmoja aliye mbele yako ndiye mgonjwa wako kwa dakika zile. Ketini wote wawili, naye aanze anapotaka kuanza.

Kazi ya juma hili

Chora jani moja, kisha kidonda kimoja. Gonga bidoni mara tano. Mwache mgonjwa mmoja kila siku aseme hata mwisho, ukahesabu dakika zake.

Maulizo

1. Yule nyanya alikuwa anajua jambo gani ambalo kipimo cha damu hakikulionyesha?
2. Kwa nini binti wa jirani alihitaji chanjo hata baada ya miezi miwili?
3. Manjano na upungufu wa damu tunavitafuta wapi katika mwili wa mtu mweusi?
4. Auenbrugger alipata wapi sikio lake? Wewe umepata wapi lako?
5. Katika kijiji chenu, ni desturi gani ya wagonjwa au ya wafu ambayo mwuguzi mgeni angepaswa kuuliza kabla ya kuanza kazi? Iandike, uilete darasani.